Kipimajoto

Jumatatu nilikwenda kanisani na moshi kichwani.
Mchungaji alisoma habari za mtini ulionyauka,
nami nikawaza majani yangu banini:
yamefika njano, au yamepitiliza?
Tanuru nilimwachia Nyamizi. Ana miaka kumi na miwili
na usingizi wake ni wa jiwe.

Jumanne, ugomvi.
Vitenge vya kwaya vimefika Usoke kutoka Tabora mjini,
vimepungua vitatu,
na Mwalimu Kashindye anauliza nani atajitolea kuvaa cha mwaka jana.
Kimya. Hata sauti ya pili, mabingwa wa kunong'ona, kimya.
Dakika kumi kabla tulikuwa tumeimba kwamba tumeviacha vyote.
Nikatazama miguu yangu.

Jumatano sikwenda.
Mvua ya mwisho wa masika, ile yenye hasira za kuaga,
ilitafuta tundu kwenye paa la bani, ikalipata.
Nilikuwa juu na nailoni na mawe
kengele ilipolia. Nikaisikia
kama mtu anavyosikia jina la jirani likiitwa.

Alhamisi ndiyo ninayotaka kuisema.
Usiku ule joto lazima lipande, polepole:
likizidi, jani linakuwa jeusi,
likipungua, uti unaoza.
Magogo ya mkalitusi yalikuwa mabichi, yanatoa povu.
Nikakaa kigodani, tochi mdomoni,
nikichungulia kidirisha cha upana wa kiganja:
hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Hamsini na tatu.
Saa saba ikapita treni ya Kigoma,
ikaumulika ukuta wa udongo, ikaondoka na mwanga wake,
na katika giza lililobaki nikakumbuka
kwamba usiku kama huu, bustanini,
aliomba kitu kidogo sana.
Hakuomba jeshi. Aliomba rafiki zake wasilale.

Na mimi hapa, usiku wa nne sijalala.
Kwa ajili ya nani?
Kwa ajili ya deni la mbolea,
na daftari la chama cha msingi lenye jina langu kwa wino mwekundu,
na viatu vya Nyamizi.
Sikujilaumu. Kujilaumu nako kunataka nguvu.
Nikasema tu: Bwana, macho haya yako wazi,
si kwa sababu yako, lakini yako wazi.
Chukua haya haya.

Nikamsogezea kigoda.
Hamsini na nne. Bado uko? Niko.
Hamsini na tano. Jasho lako, jasho langu.
Nikamfikiria Petro akiota moto uani kwa watu,
nikamwelewa: baridi ya saa tisa
humfanya mtu akane lolote
mradi asiambiwe asogee.

Ijumaa nilisinzia kanisani, pale pale msalabani. Nakiri.

Jumamosi tukazima moto, tukaenda kupalilia makaburi.
La Mihayo lilikuwa limeota mbigili.
Niling'oa kwa mikono mitupu.
Sikulia. Nilimweleza bei ya mwaka huu,
na kwamba mwanawe sasa anamzidi kwa ukaidi.

Kisha alfajiri, kabla ya majogoo,
tarumbeta mbele, taa za chemli katikati ya wafu wetu,
sote tumeelekea mawio.
Nilivaa cha mwaka jana. Kilinuka moshi.
Hakuna aliyenisogelea, hakuna aliyenikimbia.
Na huko nyuma ya mnara wa simu, juu ya mihogo ya kina Kapembe,
utepe mwembamba wa njano,
njano ile hasa,
ya jani lililoiva bila kuungua.
Mchungaji akatangaza. Tukajibu kwamba ni kweli.
Mimi nilijibu nikitazama
kitu ambacho, juma zima, hakikungoja nikichungulie.

Nyamizi akanivuta kitenge:
Mama, nani yuko na moto?

Hakuna, nikamwambia. Imba.